Mkate Alioung'ata Hokim

Tanuri la uani limepoa na mlango wa nyumba umefungwa kwa waya. Majirani wa bonde la Vakhsh bado wanageuka kulitazama asubuhi, maana harufu ya mikate ya Savriniso ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha.

Ukutani kwake ulining'inia mkate mmoja mkavu. Mumewe, Hokim, aliung'ata ukingoni kama afanyavyo kila msafiri wa kwao, ili arudi aumalizie. Alikuwa anakwenda Dushanbe, mji mkuu, kukusanyika na wenzake uwanjani kudai uchaguzi wa haki.

"Safari hii tutapiga kura kama watu," alisema huku akitafuna, "si kama kondoo wa shamba la ushirika."

Hawakupiga kura. Vita vilizuka; watu waligawiwa bunduki, wakaanza kuulizana baba zao walitoka wapi. Hokim, ambaye wazee wake walitoka Gharm, upande uliokuwa ukiwindwa, alishushwa garini akiwa njiani kurudi nyumbani, asionekane tena. Aliyemnyooshea kidole ni Ghaffor, jirani aliyekuzwa na mikate hiyohiyo.

Amani ilipotiwa sahihi, Ghaffor akawa mkuu wa wilaya. Aibu hiyo nayo waliiita maridhiano. Siku moja kabla ya uchaguzi akaja kwa Savriniso na gari jeusi.

"Dada Savri, tuokee mikate ya kituo cha kura. Wageni wanakuja kuona demokrasia yetu."

"Kuona, au kula, mheshimiwa?"

"Usinichokoze. Na ushushe hilo gamba ukutani. Watu wananisema."

"Niambie ulipomlaza, nitalishusha sasa hivi."

"Vita vimekwisha, dada. Tulishasameheana."

"Nani na nani? Mimi nani aliniuliza?"

Kwa hasira Ghaffor akaunyakua mkate, akaubwaga mezani, uso chini. Papo hapo mkono wake ukarudi wenyewe kuugeuza, kwa adabu aliyofunzwa tangu utotoni, kwamba mkate haupinduliwi.

Savriniso aliuona ule mkono.

"Mkate unauheshimu! Na mume wangu je? Ulimwacha chali au kifudifudi?"

"Kifudifudi," neno lilimtoka, kabla hajajizuia.

"Wapi, Ghaffor?"

Alikwisha kutoka. Savriniso aliurudisha mkate ukutani. Kesho yake, siku ya kura, akachukua jembe, akaanza kuchimba kingo za mfereji wa mashamba ya pamba, ambako watu husema wengi walifukiwa, mchana kweupe, mbele ya foleni ya wapiga kura. Jioni vijana wa Ghaffor walilivunja tanuri.

Sasa Savriniso anaishi ughaibuni, mjini Yekaterinburg, kwa binti yake, anafagia ngazi za jengo la ghorofa. Hokim hajazikwa. Mkate ungali ukutani, nyuma ya mlango uliofungwa kwa waya.