Misa ya Mtu Tusiyemzika

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Butembo, na mtu akinisimulia kwamba ameponywa kwa maombi au ameoteshwa ndoto ya kweli, swali langu ni moja: "Preuve iko wapi?" yaani, ushahidi uko wapi? Wanafunzi huniiga, wakipandisha kidole kama mimi. Nyumbani mama yangu alikuwa akinicheka tu, halafu anaendelea na rozari yake.

Kaka yangu alikwenda kwenye shamba lake la kakao upande wa Oicha, asubuhi ya siku ambayo watu wenye silaha walipita huko. Hakurudi. Waliokwenda kumtafuta walileta buti moja ya mpira, ya mguu wa kushoto. Mwili haukuonekana. Tangu hapo mama alikuwa akienda parokiani kumwombea misa, na karani alipomuuliza kama misa hiyo ni ya mtu aliye hai au ya marehemu, kila mara alijibu kwamba mwanawe ni mzima, yuko safarini. Mimi sikumdai preuve. Niliona hiyo ni imani yake, si mtihani wa kusahihisha.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, tukimenya viazi, akaniambia ameomba misa ya marehemu.

Nilikasirika hadi kisu kikanikata kidole.

"Mama, nani alikuambia alisha kufa? Ile buti? Buti kama ile inauzishwa kila fasi! Preuve iko wapi?"

"Sina preuve, mutoto wangu. Nilisha omba Mungu amurudishe mpaka nikachoka. Sasa naomba amupokee."

"Donc, basi, umeacha kuamini."

Akaokota kiazi kingine. "Na weye unatumaka unités kwa namba yake kila mwezi. Nani alikuambia iko muzima?"

Sikujua kwamba anajua. Ni kweli, huwa natuma unités, yaani salio, kwenye simu ya kaka, ili namba yake isikatwe na kupewa mtu mwingine. Nikimpigia, simu haijawahi kuita hata mara moja. Lakini ujumbe ukija kwamba unités zimefika, moyo wangu hutulia, kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyezipokea. Mwanafunzi akiniletea ushahidi wa namna hiyo nampa sifuri.

Nilibaki nimeshika kidole changu, nimechanganyikiwa kabisa. Ikiwa imani ni kushikilia usichokiona, basi muumini wa nyumba ile nilikuwa mimi, na mama ndiye aliyeitazama buti na kukubali ilichosema. Mbona basi yeye alikuwa ametulia, na mimi nilitaka kulia?

Siku ya misa nilikwenda, kwa sababu nisingeweza kumwacha aende peke yake. Msomaji alipotaja jina la kaka kati ya marehemu, nusura nisimame nimuulize amejuaje. Nikabaki nimepiga magoti. Hadi leo sijui nilikuwa nikizungumza na nani. Nilimwomba kaka asiwe amekufa, na hapohapo nikamwomba apumzike kwa amani, na maombi yote mawili yalitoka moyoni.

Nje ya kanisa watu walimpa mama pole ya msiba, kwa mara ya kwanza, naye akazipokea zote. Tukashuka barabarani. Tulipofika kwa msichana mmoja anayeuza unités chini ya mwavuli, mama akasimama, akafungua fundo la kitenge chake, akanipa noti iliyokunjwakunjwa.

"Tuma."

"Mama, si tunatoka kumuombea misa ya bafu, ya marehemu?"

"Ndiyo. Kama Mungu alisha mupokea, hatazitumikisha. Kama miye nilikosea, ndugu yako atatuita kwa simu."

Nikatuma. Ujumbe ukaingia kwamba zimefika. Mama hajui kusoma, akataka nimsomee. Nikamsomea, naye akaniambia nirudie.