Jiko Lililopimwa kwa Maji

Nilipopewa ile ruzuku ndogo ya wanafunzi wenye miradi ya nishati, sikushangaa. Nilikuwa mwaka wa tatu wa polytechnique, na mbabula yangu, yaani jiko la makaa la bati lililosiribwa udongo ndani, ilichemsha maji kwa makaa machache kuliko jiko lolote la mtaani kwetu. Nilikuwa na vipimo, nilikuwa na grafu, na mdomo nilikuwa nao pia.

Masharti yalikuwa wazi. Kwa sehemu ya kwanza ya pesa nitengeneze majiko matano, niyagawe kwa familia tano za Bagira, nilikozaliwa. Yakitumika kweli, jury, lile jopo la waamuzi wa ruzuku, itatoa sehemu ya pili, ile ya kufungulia karakana. Yasipotumika, mradi umekufa.

Kila nilipopiga simu, akina mama wote watano walinijibu, “Iko muzuri sana, aksanti.” Niliandika “nzuri sana” mara tano kwenye ripoti, nikalala usingizi mnono.

Siku moja nikapita bila taarifa, saa sita mchana. Kwa jirani wa kwanza jiko langu lilikuwa limebeba vitunguu. Kwa wa pili, kuku alikuwa akiatamia mayai ndani yake. Nilipandwa na hasira. Wiki nzima nimejikata vidole kwa bati, kumbe namjengea kuku nyumba!

Mama wa tatu, muuza sombe, yale majani ya muhogo, aliyenijua tangu nikiwa mgongoni, ndiye aliyenihurumia.

“Tuliogopa kukuambia, sababu uko mutu ya kusoma,” alisema. “Hii yako iko ya kuchemusha maji. Sisi tunapika bugali.”

Akaliwasha jiko, akabandika sufuria ya maji, akamimina unga, akaanza kusonga. Unga ulipokaza, akatia nguvu kwenye mwiko. Jiko likayumba, sufuria ikateleza, naye akaidaka kwa kitenge.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Bugali nimeula tangu nilipoota meno, na kuusonga nimeusonga tangu utotoni. Lakini katika vipimo vyangu vyote sikuwahi kupika kitu isipokuwa maji, kwa sababu kitabu kilisema maji.

Ripoti ilitakiwa wiki ileile. Rafiki yangu wa darasani alinishauri niziache “nzuri sana” zangu zilivyo. Nani atapanda hadi Bagira kuchungulia? Nilizifuta zote. Palipoulizwa ni familia ngapi zinazotumia jiko, niliandika: hakuna hata moja. Chini yake nikaeleza kwa nini, na kwamba kasoro hiyo naiweza. Jury ikanipa mwezi mmoja, kisha niwaletee jiko lililorekebishwa, walione kwa macho.

Nikayakusanya majiko yangu, kuku akahamishwa. Nilipunguza kimo, nikatanua miguu, nikachomelea vyuma vitatu vya kuishika sufuria. Safari hii nilipima kwa unga na kwa mikono yangu mwenyewe, mpaka nyumbani kwetu wakaomba wali. Kisha nikamrudishia kila mama jiko lake.

Asubuhi ya jury nilipita Bagira kuchukua moja. Muuza sombe alikuwa ameshabandika maharagwe.

“Maman, naomba jiko. Nitakurudishia jioni.”

“Utaipeleka wapi? Na mimi nipikie wapi?”

“Jury inaingoja.”

“Jury ikuye kukula hapa.”

Nilibembeleza, nikaapa, wapi! Nikakimbilia kwa wengine, na kila mlango nikajibiwa hivyohivyo. Mwenye kuku hata hakunikaribisha ndani.

Katika ukumbi wa jury, mtaani Nguba, wenzangu walikuwa wamepanga mitambo yao mezani, inang'aa. Mimi nilisimama mikono mitupu, na sijawahi kujiamini vile maishani mwangu.

“Mademoiselle, jiko liko wapi?” aliuliza mwenyekiti wa jury, profesa mmoja asiyependa mzaha.

“Liko motoni, Professeur. Mwenyewe amekataa kunipa.”

Akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. “Ulitengeneza matano. Yale mengine manne?”

“Nayo wamenikatalia.”

Akatafuta kalamu ya kusainia sehemu ya pili.