Misumari Miwili kwa Bati

Nakumbuka Jumamosi moja ya upepo, mwanangu, na hata sasa nikiisimulia siwezi kukaa nikatulia.

Nilikuwa kijana, nimerudi Rwanda, nchi ya wazazi wangu, kutoka Bukavu, Kongo, nilikozaliwa. Vita ya Kongo ilikuwa imewaka tena ng'ambo ya mto wa mpakani, na sisi tuliokulia ukimbizini tulilala na mizigo imefungwa. Mji wa chini wa Cyangugu, karibu na daraja, ulikuwa umekufa. Maduka ya zamani hayakuwa na paa, miti imeota ndani, na kila mwenye akili amehamia Kamembe, mji wa juu. Basi komini, yaani serikali ya pale, ikapatana na sisi wafanyabiashara: sisi tuezeke nyumba zote kumi za mtaa ule, wao wachimbe mtaro na kuleta bomba la maji. Siku ya ukaguzi ikionekana hata nyumba moja iko wazi, bomba litapelekwa kwingine.

Aliyelitamani bomba hilo kuliko wote ni jirani yangu Maman Vumilia, mjane aliyekuwa akipika na kuuza maharagwe na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Kila asubuhi alipandisha bidoni za maji kutoka ziwani, mgongo umeshaanza kupinda.

Mimi nilipewa nyumba ya pembeni. Nikaezeka mabati mapya, ila kila bati nikalipiga misumari miwili tu, tena bila kuikaza. Aliyewahi kukimbia atanielewa: nilitaka, vita ikivuka mto, niyang'oe upesi niondoke nayo. Nilijiona mjanja kweli!

Maman Vumilia akasimama chini ya ngazi yangu. "Mutoto wangu, misumari mbili kwa bati nzima?"

"Maman, kama vita inavuka, nitayatosha, nitayang'oa mbio."

"Utayapeleka wapi? Kwenu ni hapa. Weye unajenga, lakini miguu yako iko inakimbia. Piga misumari! Sisi bote tuko chini ya hiyo paa yako."

Nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ujana una masikio ya pamba.

Jumamosi ile tulikuwa tunarudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majembe begani, upepo ukapanda kutoka ziwani. Mabati yangu yaling'oka yote. Mengine yaliangukia mtoni nikiyatazama. Jumatatu wakaguzi walipita, wakatazama mbingu kupitia nyumba yangu, wakarudi kwenye gari. Bomba likaenda Kamembe.

Vita haikuvuka mto mwaka ule. Niliona haya hata kusalimia watu, nikaanza kumbebea Maman Vumilia bidoni zake, asubuhi na jioni, masika mawili. Niliezeka upya, safari hii misumari kumi kwa bati, na komini ikakubali kurudi. Lakini siku bomba lilipofunguliwa, mgongo wake ulikuwa umegoma. Alinawa mikono tu, akakaa, na hakupika tena.

Mwanangu, serikali ikishika upande mmoja wa mzigo na ninyi mkashika upande wa pili, usiwe wewe unayeshika kwa vidole viwili huku ukitazama njia ya kutokea. Hofu unayo, nami ninayo. Nikisikia mlio wa bunduki ng'ambo bado natazama paa kwanza. Ogopa, lakini kaza misumari, kwa sababu kuna mtu anayesubiri maji.

Mungu akupe mahali pa kukaa, na moyo wa kukaa hapo.