Uzi wa Mjomba

Nitasema bila kuzunguka: mjomba wangu nilimmaliza mimi, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Karakana nzima ilimwita Kona. Kazi yake ilikuwa kuunganisha fremu za meza, yaani miguu minne na mbao zinazoishikanisha. Akishapaka gundi na kukaza klampu za kubania mbao, alivuta uzi kimshazari kutoka kona moja hadi ile inayoikabili, akafunga fundo hapo ulipofikia, kisha akauvuta kwenye kona mbili zilizobaki. Fundo likifika konani kama mwanzo, fremu imenyooka. Lisipofika au likipitiliza, una robo saa ya kuigonga irudi kabla gundi haijashika. Baada ya hapo huna la kufanya.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, aliyeambiwa ni mimi tu, mtoto wa dada yake.

"Mpwa wangu, uwe unanisomea fundo. Bosi asijue."

Bosi alishamwonya kwa fremu mbili zilizokwenda upande. Ya tatu, aende nyumbani moja kwa moja.

Nilimsomea vizuri miezi minne. Mimi nilikuwa napiga msasa nje, nameza vumbi kutwa, na meza yake ya kazi ilikuwa ndani, karibu na dirisha. Halafu alikuwa na mdomo. Aliwaambia wenzetu kwamba mimi ni mzigo aliotwishwa na dada yake, wakacheka, nami nikacheka nao. Neno hilo nililiweka moyoni.

Asubuhi hiyo aliniita ndani, akavuta uzi kama kawaida. Fundo lilipitiliza kona kwa upana wa vidole viwili.

"Liko wapi?"

"Palepale, mjomba."

"Una hakika?"

"Mjomba, mimi ninaona."

Akacheka. "Huo mdomo umeurithi kwangu."

Nikakaa naye robo saa nzima, nikimpigia soga za mpira, asije akapata wazo la kumwita mwingine. Alifurahi. Siku hizo hakuna aliyekaa naye kuzungumza.

Mchana bosi akaja na ubao wa juu, akaulaza kwenye fremu. Mguu mmoja ukatokeza nje. Akauliza kulikoni, nikawahi kujibu kabla ya mjomba.

"Haoni, bosi. Siku nyingi tu."

Bosi akampa mjomba nyundo aivunje fremu mwenyewe, watu wote wakitazama. Mjomba alipiga mpaka jasho likamtoka. Miguu ilipasuka, mbao zikachanika, lakini penye gundi yake hapakuachia hata mahali pamoja. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Mjomba akaweka nyundo chini. Akauviringisha uzi wake taratibu, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akautia uzi kiganjani.

"Lilikuwa wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Palepale," nikamwambia.