Mbwa Aliyefichwa Migombani

Anastazi wa Nyakasimbi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mdomo. Akivuna mkungu mkubwa wa ndizi, kata nzima itajua. Akishikwa na mafua, pia itajua. Kahawa ndiyo iliyomwezekea nyumba na kumsomeshea watoto, na kila msimu wa kuanika alikosa usingizi kwa kuwawaza wezi. Ndipo akatafuta mbwa mweusi mwenye kifua kipana, akampa jina la Komando, akawa anamfunga asubuhi na kumfungulia jioni. Moyo ukatulia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuja katikati ya msimu huo. Joanitha, afisa mifugo wa kata, alizunguka na pikipiki akitangaza kwamba wenye mbwa na paka wawapeleke uwanja wa ofisi ya kata, chanjo ni bure. Watu wakapeleka. Anastazi yeye alimburuta Komando hadi katikati ya migomba, akamfunga huko na kumwachia makombo ya ndizi ili asibweke. Alikuwa ameshikilia yale maneno yanayozunguka huku miaka yote, kwamba mbwa akichomwa sindano hupoa, hata mwizi akimruka haamki. Kahawa iko nje, halafu yeye apoozewe mbwa? Joanitha alipopita kuuliza, alimjibu kwa uso mkavu kwamba yule mbwa alishakufa. Jamani, mtu mzima!

Wiki chache baadaye yeye na mkewe, Vero, walikwenda Murongo kwenye msiba, wakamwacha Komando bila kamba. Waliporudi walikuta turubai limekunjwa nusu juu ya kahawa, na pembeni yake kuna damu. Anastazi hakuhitaji kuambiwa. Mwizi alikuwa anafungasha, Komando akamkamata. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake alilipeleka jambo hilo chama cha msingi, wanakouzia kahawa, watu wakiwa wamejaa na magunia yao. Akasema mwizi anatembea na meno ya Komando mguuni, na atakayeonekana anachechemea asingoje kuulizwa, achomwe moto. Watu walicheka, wakaanza kutazamana miguu kwa utani. Yustus, jirani wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Haikupita wiki, Komando akabadilika. Alikataa chakula, akatokwa na udenda, akawa anatafuna nguzo ya banda. Anastazi alipomwita alimrukia kama hamjui, kamba tu ndiyo iliyomwokoa. Mbwa alipokufa, Anastazi aliapa kwamba mwizi amelipiza kisasi kwa sumu, akaenda mwenyewe kumwita Joanitha athibitishe, bila kukumbuka kwamba kwa Joanitha mbwa huyo alikuwa marehemu wa zamani.

Joanitha hakumkumbusha. Aliuliza mbwa alikuwaje siku za mwisho, akavaa glovu, akasema hii si sumu bali dalili zote za kichaa, na sampuli itapelekwa kupimwa ila wasisubiri majibu. Akawataka Anastazi na Vero nao waende hospitali, maana walikuwa karibu na mate yake. Kisha akauliza nani ameng'atwa.

"Ni mwizi tu," Anastazi akasema.

"Mwizi naye ni mtu, mzee. Akiwahi sindano atapona. Dalili zikishaanza, hakuna wa kumponya. Na kwa ulivyotangaza, atajitokeza vipi?"

Maisha yake yote Anastazi alikuwa amewaombea wezi kifo, lakini kwa mdomo tu, kama watu wanavyoomba. Sasa alikuwa amekitoa kwa mkono wake. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, Vero na Joanitha wakimfuata, akiuliza kama kuna aliyemwona mtu anayechechemea, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mackrine, mjane aliyepakana naye shamba, ambaye wengi humwita mama Dusabe. Alimkuta ameketi mkekani anamenya ndizi. Mackrine alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kisu chini, akapandisha kitenge chake. Kidonda kilikuwa kwenye shavu la mguu, kimepakwa majani.

"Mvua ilikuja hampo, baba Kayitesi. Nilikuwa nakufunikia kahawa."

Huku kwetu, mvua ikinyesha juu ya kahawa ya mtu asiyekuwepo, aliye karibu hukimbia kuifunika, na wala haihesabiwi kuwa msaada. Anastazi mwenyewe aliwahi kufunika ya Mackrine. Aliliona turubai limekunjwa, aliona damu, na hilo halikumjia kichwani hata kidogo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akasema aite bodaboda waende hospitali ya Kayanga sasa hivi. Mackrine akakataa.

"Nikionekana na mguu huu watasema mwizi kapatikana. Wanangu wataitwa watoto wa mwizi. Bora nifie humu ndani."

Hakulia wala hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Anastazi alimwacha Vero na Joanitha wakikiosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, akakimbia hadi chama cha msingi. Watu walikuwa kwenye mizani. Akasema hapakuwa na mwizi. Akasema Komando alikuwa na kichaa, na yeye ndiye aliyemficha migombani asichanjwe, na aliyeng'atwa ni mama Dusabe akimfunikia kahawa yake.

Hakuna aliyecheka. Yustus aliketi taratibu juu ya gunia akavua buti. Juu ya kisigino palikuwa na alama za meno zilizoanza kukauka. Alisema alikuwa anapita tu njiani, siku ileile ya msiba, na baada ya kusikia habari za kuchomwa moto akaona acheke na wenzake.

Anastazi alitazama lile buti, akatazama miguu ya wote waliosimama pale.

"Kuna mwingine?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, na Anastazi hakujua kama ni kwa sababu hayupo, au kwa sababu bado wanamwogopa.