Spika ya Kusikilizia Matangazo ya Vifo

Ilianza Jumamosi, saa saba na dakika kumi mchana. Saa naikumbuka kwa sababu mtangazaji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza taarifa ya habari na kuingia kwenye matangazo ya vifo, na bibi alikuwa keshanyoosha mguu mmoja kwenye mkeka, kama afanyavyo akitaka kusikiliza sawasawa. Mtangazaji akasema ukoo mmoja wa Wingwi unasikitika kutangaza kifo cha Bi...

Hapo hapo umeme ukakatika. Ukarudi papo hapo, kwa nguvu, taa ya ukumbini ikawaka nyeupe kupita kawaida, na ndani ya ampli ya babu moja katika zile taa zake za kioo ikamulika buluu, halafu ikazimika. Ikabaki harufu ya unyoya ulioungua.

"Bi nani?" bibi akauliza.

Sikujua. Mama alikuwa uani anapara samaki, naye hakusikia.

Lazima niieleze hiyo ampli, mashine ya kukuzia sauti, maana mtu asipoijua ataniona nimekasirika bure. Aliiacha babu. Zamani alikuwa akiipeleka kwenye maulidi na maarusi, na ni chuma kitupu, nzito hata mie siwezi kuinyanyua peke yangu. Haitumii vidude vidogo kama vya siku hizi. Ina taa nne za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza, kwa hiyo ukiiwasha husikii kitu, unakaa unangoja, vumbi lake linaanza kunukia, ndipo sauti inapanda polepole kama mtu anayekuja kwa miguu. Kazi ya kuiwasha mapema ilikuwa yangu. Ami yangu, mdogo wake baba, aliichomoa redio kwenye gari lake bovu akaiunganisha na ampli, na ampli ikaunganishwa na sanduku la mbao lenye spika moja ya karatasi. Ukiitazama utacheka. Lakini bibi yangu, ambaye ukimwita kutoka uani haitiki na ukimwambia "chai" anakupa "chaki", kwenye lile sanduku alikuwa akisikia kila jina.

Na majina ndiyo yenyewe. Watu wa nje hawajui namna tunavyosikiliza vifo kwenye redio. Anatajwa marehemu, wazazi wake, alikokuwa akiishi, maziko ni wapi na saa ngapi, halafu unakuja ule mlolongo: habari ziwafikie fulani wa Mkoani, fulani wa Unguja, fulani popote alipo. Bibi akisikia jina tu anasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", haraka, kabla mtangazaji hajameza mate, kisha ananifundisha: "Huyu ni mjukuu wa yule aliyekuwa akipika biriani kwenye misiba, na mama yake na mamangu walichota maji kisima kimoja." Mie shuleni naitwa bubu. Mwalimu akiniuliza jambo nalijua nanyamaza, hadi anamwuliza mwengine. Ila saa ya vifo mimi na bibi tunazungumza mpaka mama anatwambia tupunguze.

Sasa bibi ana shoga yake Wingwi, wamecheza pamoja toka utoto, na huyo shoga anaumwa tangu Ramadhani. Kila siku bibi anasikiliza kama kuna jina lake. Ndiyo maana ile "Bi" iliyokatika ilimkaa kifuani. Mama alipiga simu Wingwi mara nyingi, simu haipatikani. Bibi akawa anauliza tu: "Watarudia usiku?" Tukamwambia ndiyo, saa mbili watarudia.

Ami akaja kabla ya sala ya alasiri. Akaifungua ampli, akaichungulia.

"Taa imekufa hii."

"Si ununue nyengine?" mama akasema.

"Ninunue wapi, shemeji? Taa hizi hata zingekuwa dawa ya kufufua maiti huzipati. Bi mkubwa, usijali. Leo nnakununulia kitu cha kisasa, hakina hata waya. Usiku utasikia vifo vyote, na vya Mombasa."

"Vya Mombasa vya nini?" bibi akasema. "Mie vya Pemba vyanitosha."

Ami akanichukua nifuatane naye mjini Chake, nimsaidie kubeba. Nilifurahi. Nilijua bibi anasikiaje kuliko mtu yeyote, na nilidhani ntaulizwa.

Duka lenyewe lina vioo, na spika zimepangwa kutoka chini hadi dari. Zipo ndefu kama mlango, zipo za mviringo kama mkebe wa maziwa, zipo za kuweka chini ya televisheni, na seti moja yenye spika tano ambazo kijana wa dukani alisema zinatiwa kila pembe ya chumba. Ami akacheka, akasema bibi atadhani nyumba imeingia mashetani. Kulikuwa na vidude vya kutia masikioni pia. Ami akavishika akavirudisha. Hapo tuliafikiana, ingawa sikusema: bibi hawezi kusikiliza vifo peke yake, ndani ya kichwa, kama mwizi.

"Nna mama yangu," ami akamwambia kijana, "masikio yamechoka. Nataka yenye nguvu."

"Nguvu?" Yule kijana akavuta spika moja nyeusi yenye mkono wa kubebea na taa za rangi zinazozunguka mbele. "Hii hapa, mzee. Haina waya, ina redio ndani, inashika simu, inakaa na chaji. Na besi yake sikiliza mwenyewe."

Akatia muziki. Vioo vya duka vikaanza kutetemeka. Nilihisi kwenye meno. Mtu aliyekuwa akipita nje akaingiza kichwa: "Hiyo ya arusi hiyo! Wapi mwaliko?"

"Ya mama yangu," ami akasema, kifua mbele.

"Basi mama yako keshaposwa!"

Wakacheka wote. Ami akasema ongeza, kijana akaongeza. Wakajaribu nyengine tatu, zote kwa muziki ule ule, na kila moja swali lilikuwa moja: besi ipo? Kama besi, ule mvumo wa chini, ndiyo inayomsomea mtu majina.

Na hapa ndipo panaponiuma mpaka sasa ninapoandika. Nyuma ya kijana, kwenye msumari ukutani, kulikuwa na redio yake mwenyewe, ndogo, kuukuu, imezungushwa utepe mweusi ubavuni ili isifunguke. Ilikuwa ikisema tu peke yake. Katikati ya nyimbo, walipokuwa wakibadilisha spika, nilimsikia mtu ndani yake akieleza namna ya kukausha mwani, na nikiwa pale mlangoni nilisikia kila neno. Nikajua hiyo ndiyo sauti ambayo bibi angeisikia. Sikujua kwa hesabu wala kwa somo la fizikia. Nilijua kama unavyojua sauti ya mama yako uani. Nikajikaza, nikasema:

"Ami, jaribu mtu anayesema."

Kijana alikuwa keshabonyeza. Besi ikaja, ikanifunika.

"Eh?" ami akasema.

"Mtu anayesema. Siyo wimbo."

"Sema kwa sauti, mwanangu, hapa si msikitini!"

Watu wakanigeukia. Nikahisi uso unawaka. Nikasema hakuna. Ami akalipa, nikapewa boksi nibebe, na njia nzima nilikuwa nalibeba huku nalichukia.

Nyumbani ikawekwa juu ya kabati, pale pale ilipokuwa ampli. Ami alipoiwasha, sauti ya mwanamke ndani yake ikasema kitu kwa Kiingereza, kwa nguvu kama mtu anayegomba.

Bibi akashtuka. "Huyo nani? Kasemaje?"

"Anakwambia yuko tayari, bi mkubwa."

"Mwambie akaribie basi. Asigombe."

Saa mbili tukakaa wote mkekani. Taa za rangi zikawa zinazunguka ukutani, nyekundu, kijani, buluu, na vifo vikaanza. Sauti ya mtangazaji ilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kusikia nyumbani kwetu. Ilikuwa kubwa na nene, imevimba, kama anasemea ndani ya pipa. Mie nilisikia: Bi fulani wa Wingwi, jina jengine kabisa, siye. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imebana. Ami akasema "Inna lillahi." Mama akaitikia. Ndipo bibi naye akasema, nyuma yetu, baada ya kutazama midomo yetu. Maisha yangu yote sijapata kumsikia bibi akiitikia kifo nyuma ya mtu.

"Umesikia, bi mkubwa?" ami akauliza.

"Nimesikia, mwanangu. Inasikika. Mungu akuzidishie."

Ami akaondoka anapiga mluzi.

Alipokwisha toka, bibi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ni yeye?"

"Siye, bibi. Ni mwengine. Shoga yako hakutajwa."

Akashusha pumzi ndefu, akalaza mgongo ukutani. Muda wote ule, toka jina linatajwa hadi ami anapata viatu vyake, bibi alikuwa hajui kama shoga yake yu hai au kafa, naye amekaa anashukuru zawadi.

"Basi tumwambie ami," nikasema. "Haisemi hiyo. Inavuma tu."

"Usimwambie. Kanunua kwa mapenzi. Kitu cha mtoto hakitolewi kasoro."

"Na siku akitajwa yeye?"

Bibi akainua uso. Alikuwa akizitazama zile taa za rangi.

"Siku hiyo," akasema, "nilitaka nimsikie mwenyewe. Nisiulize mtu."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Ami, kwa kudhani kiziwi anataka kelele. Bibi, kwa adabu yake. Yule kijana wa besi. Na mie, mwenye sauti ndogo hata spika ya dukani yanishinda. Mama alipokuwa anaosha vyombo nikachukua simu yake. Baba, ambaye yuko Unguja kikazi, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti alasiri ile. Nikaushikisha kwenye spika, nikajifunga mto wa bibi kichwani kwa kanga, ukanibana masikio yote mawili, nikasikiliza. Baba akasema vu, vu, vuvu, vu. Nikaukata kwenye spika, nikaupiga kwenye simu tupu, nimeisogeza karibu. Sauti ikawa nyembamba, dhaifu, kama ya mdudu. Lakini nilisikia "miwani".

Mama akaingia akanikuta na mto kichwani. "We mwana, umeingiwa na nini?"

Nikamwambia nasikiliza kama bibi. Akanitazama sana, asicheke.

Asubuhi, baada ya chai, nikaitia spika kwenye boksi lake, nikachukua simu ya mama kwa idhini yake, nikaenda kwa ami, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilitaraji nimkute peke yake. Alikuwa barazani na majirani wawili, wanakunywa kahawa.

"Shikamooni."

"Marahaba. Enhe, imeharibika?"

"Haijaharibika. Ami, ziba masikio."

Majirani wakaangaliana. Mmoja akasema, "Leo mnaamrishwa na watoto!"

"Nizibe vipi?"

"Kwa viganja. Sana. Mpaka usinisikie."

Akaziba, anacheka. Nikaiwasha, yule mwanamke akasema Kiingereza chake, nikapiga ujumbe wa baba. Ami kicheko kikampungua. Ulipokwisha akatoa mikono.

"Kaka yako kasema nini?" nikamwuliza.

"Kasema... hajambo. Kazi."

"Hajasema kazi. Ziba tena." Nikairudisha sauti kwenye simu tupu, nikaisogeza karibu na sikio lake lililozibwa. Nikaona anakunja uso, anainama.

"Miwani," akasema. "Miwani ya mama imepatikana."

"Basi ndivyo anavyosikia bibi."

Akakaa na viganja vyake mapajani. "Lakini jana alisema inasikika."

"Alikuonea haya."

Jirani mmoja akakohoa, akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Nikaona nimeharibu kila kitu: nimemvunja moyo ami, nimeasi neno la bibi, na mbele ya watu. Nikaiacha spika pale barazani, nikageuka niende na simu ya mama mkononi. Sikufika mbali. Nyuma yangu yule mwanamke akapiga ukelele kwa Kiingereza, kwamba simu imemponyoka, na majirani wakaangua kicheko.

"Njoo hapa!" ami akaniita. Hakuwa anacheka. "Jana dukani ulisema nini? Ulisema kitu, sikukusikia."

Nilikuwa nimesimama katikati ya njia, na watu wanapita kwenda sokoni. Nikamjibu kutoka pale pale nilipo, kwa sauti, hata mwenye baiskeli akageuza shingo:

"Nilisema ujaribu mtu anayesema! Na redio ya bibi ni ile ya msumarini, ami. Ile iliyofungwa utepe."