Jina Lililotolewa Wimboni

Kila mwaka, asubuhi ya tarehe ile ya Juni, Domitille huacha masufuria yake akakaa karibu na redio. Mtangazaji hutaja wanamuziki waliozaliwa siku hiyo, kisha hupiga wimbo wa Kapya, kwa kuwa ndiyo siku uliyorekodiwa. Ndiyo pia siku aliyozaliwa Abigaëlle, binti wa Domitille. Kapya alikuwa jirani yao, na waimbaji wa huku Lubumbashi hupenda kutupa mabanga, yaani kuita majina ya watu katikati ya gitaa. Siku ile furaha ilimzidi, akaita jina la mtoto huyo.

Abigaëlle alifariki kwa homa akiwa na miaka tisa. Tangu mazishi, baba yake, Edmond, hataki jina lile litamkwe nyumbani. Si mtu mbaya. Akilisikia tu hutoka kwenda uani, akakosa la kufanya. Mama akabakiwa na wimbo. Atakayeuona huo ni upuuzi na auone. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mwaka huu gitaa lilipofika mahali pake, Domitille alifumba macho, na sauti ya Kapya ikaita: "Kambale!" Kumbe wimbo ulikuwa umerekodiwa upya, na Kambale, tajiri wa malori ya Kasumbalesa mpakani, ndiye aliyegharimia. Mwenye nguvu mpishe, sawa. Hata wafu nao wampishe?

Alimfuata Kapya kwake asubuhi ileile, kitenge kimefungwa ovyo.

"Papa Kapya, mulitosha jina ya mutoto wangu, mukatia ya ule tajiri."

"Mama, musikasirike. Kambale njo alisaidia bendi."

"Ku nyumba hatumuite tena. Ni mule tu mu wimbo njo alikuwa anaitwa."

Kapya aliinama. Aliona haya, tuseme ukweli. "Siku ya posho tuko na anniversaire, bendi inatimiza miaka. Mukuye. Nitamuita mbele ya bantu bote."

Jumamosi, siku hiyo ya posho, Domitille alimweleza mumewe anakokwenda na sababu yake. Edmond alivaa shati, akaenda naye, akaketi karibu na mlango wa ukumbi kama mtu asiyekusudia kukaa.

Wimbo ulianza, watu wakainuka kucheza. Gitaa likafika mahali pale. Kapya akafungua kinywa, akakifunga. Akamwinamia Domitille aliyekuwa mbele.

"Mama, munisamehe. Ule mutoto alikuwa anaitwa nani?"

Domitille alitaka kujibu. Jina alilolimeza miaka yote halikutoka. Mpiga gitaa akawa anarudia palepale, wachezaji wamesimama wanamtazama Domitille.

"Abigaëlle," alisema Edmond kutoka mlangoni. Akalirudia kwa nguvu, machozi yanamtiririka, kisha akatoka nje.

Domitille alipenya katikati ya watu akamfuata. Kapya alipoliimba, wazazi hawakuwamo ndani. Walikuwa barabarani wameshikana, wanaliita wenyewe.